Hamu ya Utotoni na Mtu Mwenye Funguo

Wako watu wazima, na miongoni mwao wako walimu wenzangu ninaowaheshimu sana, ambao kila wakikumbuka filamu waliyoipenda utotoni sauti zao hulainika. Husema kwamba filamu za siku zile zilikuwa safi, za kutazamwa na baba, mama na watoto pamoja, zisizomtia mtoto hofu wala huzuni. Kwamba vijana wa leo wamenyimwa tunu hiyo. Na kwamba ni wajibu wetu kuwarudishia. Nia yao ni njema. Lakini dai lao si la kweli, nami nakusudia kulipinga katika insha hii. Dai hili likiachwa lipite hivi hivi litaharibu mambo mawili kwa pamoja: litaiharibu filamu yenyewe, na litamnyang'anya mtoto kile kile ambacho sisi tulipewa.

Sitazungumza kwa ujumla. Nitashika filamu moja tu, ile iliyozusha ubishi katika chumba cha walimu cha shule nifundishayo. Filamu hiyo ni E.T. the Extra-Terrestrial, iliyoongozwa na Steven Spielberg, ikaandikwa na Melissa Mathison, na kuanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Juni 1982. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi. Viumbe kutoka sayari nyingine wametua usiku msituni, katika jimbo la California, kukusanya mimea. Watu wanawatokea na taa zao, chombo kinaruka kwa haraka, na mmoja wao anaachwa nyuma. Mvulana wa miaka kumi, jina lake Elliott, anamgundua karibu na banda la uani, anamvuta ndani ya nyumba kwa kumdondoshea peremende moja moja, anamficha kabatini, na pamoja na kaka yake Michael na mdogo wao Gertie anamsaidia kuwaita wenzake waje kumchukua. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Gharama yake ilikuwa kiasi cha dola milioni kumi na nusu, nayo ikaingiza fedha nyingi kupita filamu yoyote iliyopata kutengenezwa kabla yake, hadi ilipopitwa mwaka 1993 na Jurassic Park, ambayo nayo ni kazi ya Spielberg huyo huyo.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza katika mkanda wa video, sebuleni kwa jirani, tukiwa watoto wengi juu ya mkeka mmoja, na picha ikikatwakatwa na mistari myeupe kwa jinsi mkanda ulivyochakaa. Kiingereza hatukukijua. Kijana mmoja wa nyumba ile alikuwa akitufasiria, na pale aliposhindwa alibuni. Kwa hiyo nisemapo kwamba watu huikumbuka filamu hii vibaya, najihesabu na mimi. Kwa miaka mingi nilichobaki nacho kichwani kilikuwa baiskeli ikipaa mbele ya mwezi, kidole chenye ncha ya mwanga, na furaha isiyo na jina.

Mwenzangu mmoja alikuwa na kumbukumbu hiyo hiyo. Mwishoni mwa muhula alipendekeza filamu ionyeshwe kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, naye akajitolea kuitayarisha. Alipoitazama tena nyumbani kwake alirudi amefadhaika. Alisema lazima sehemu fulani zirukwe: pale kiumbe anapougua, pale anapokufa, pale watu wenye bunduki wanapowazuia watoto barabarani. Aliapa kwamba utotoni hakuona mambo hayo, na kwamba pengine mkanda wetu wa zamani ulikuwa tofauti. Haukuwa tofauti. Mambo yote hayo yalikuwamo, naye aliyaona na akalia, kama sote tulivyolia. Hamu ya utotoni ndiyo iliyoyafuta baadaye, polepole, kama jua lifutavyo rangi ya kitambaa kilichoanikwa mwaka mzima.

Tuiangalie basi filamu yenyewe, si kumbukumbu yake. Jambo la kwanza kulikuta ni kwamba katika nyumba ile hakuna baba. Ameondoka, yuko Mexico na mwanamke mwingine. Habari hiyo hatupewi kwa hotuba. Inamponyoka Elliott mezani wakati wa chakula, kwa hasira ya mtoto asiyesadikiwa, na mama yao anashindwa kuyazuia machozi. Wazazi wa Spielberg mwenyewe waliachana naye akiwa kijana, na amekiri hadharani zaidi ya mara moja kwamba filamu hii ilichipuka katika jeraha hilo. Ondoa talaka, na hadithi haina sababu ya kuwapo. Mtoto anamficha mgeni kabatini kwa sababu ndani ya nyumba yake kuna nafasi tupu yenye umbo la mtu.

Jambo la pili ni kamera. Kwa sehemu kubwa ya filamu kamera imeshushwa hadi kimo cha mtoto. Watu wazima, isipokuwa mama, hawaonyeshwi nyuso hadi hadithi imekwenda mbali: tunaona viuno, mikono, vivuli na miali ya taa. Mwalimu wa darasani anapowagawia wanafunzi vyura wa kupasuliwa tunaisikia sauti yake na kuuona mwili wake, uso hatuuoni. Mmoja wa wale wanaomsaka kiumbe msituni tunamtambua kwa shada la funguo lililoning'inia mkandani, likilia kila anapotembea. Yeyote aliyewahi kuwa mtoto anajua kwamba hivyo ndivyo watu wazima wanavyoonekana kutoka chini. Huo si ulimwengu uliosafishwa. Ni ulimwengu wa kutisha, uliochorwa kwa uaminifu, na ndiyo maana upendo uliomo ndani yake una uzito.

Kisha yanakuja mambo ambayo mwenzangu alitaka kuyaruka. Kiumbe anapotea usiku, na asubuhi Michael anamkuta kando ya kijito, mweupe kama majivu. Watu waliovaa mavazi kama ya wanaanga wanaingia nyumbani kwa nguvu. Nyumba nzima inafunikwa kwa plastiki. Elliott na kiumbe wamelazwa sambamba, wamefungwa nyaya na mipira, maana miili yao imeungana kiasi kwamba anachohisi mmoja anakihisi mwingine. Muungano huo unakatika, mtoto anapona na mgeni anakufa. Ua alilolifufua mwanzoni linanyauka. Na baadaye, mtoto anapokuwa amekwisha kumwaga maneno yake mbele ya maiti, ua lile linainuka tena. Nawauliza wale wanaotaka kuruka: ua lisiponyauka, kuinuka kwake kutakuwa na maana gani?

Spielberg aliipiga filamu hii karibu yote kwa mfuatano wa hadithi, jambo lisilo la kawaida katika kazi hiyo, ili watoto waigizaji waishi nayo siku kwa siku na kufika kwenye maagano wakiwa wamemzoea kweli yule mgeni. Na walimzoea nani? Walizoea mtambo uliobuniwa na Mtaliano, Carlo Rambaldi, na mavazi yaliyovaliwa na watu wafupi wa kimo na mvulana mmoja aliyezaliwa bila miguu, aliyekuwa akitembea kwa mikono. Sauti ilitolewa kwa sehemu kubwa na mwanamke mvutaji mkubwa wa sigara. Nayataja haya kwa sababu wapenzi wa jana huongea kana kwamba filamu zao zilishuka kutoka mbinguni. Zilitengenezwa kwa mikono. Ndani ya hadithi yenyewe mambo ni hayo hayo: mtambo ambao kiumbe anautumia kuwaita wenzake umeundwa kwa mwavuli, meno ya msumeno wa mviringo, sehemu za gramafoni, na kifaa cha kuchezea kinachofundisha watoto tahajia. Mwalimu wa fizikia asiyeona somo hapo anahitaji likizo.

Sasa nirudi kwa yule mtu mwenye funguo, kwani ndiye niliyemfuata tangu mwanzo. Filamu inapokaribia mwisho uso wake unaonekana hatimaye, na tunashangaa kuona kwamba si mkatili. Anamwinamia Elliott kitandani na kumweleza kwamba yeye pia amekuwa akiusubiri ujio huu tangu alipokuwa na miaka kumi. Ni mpole. Anasema kweli. Na ni yeye na wenzake, kwa mapenzi yao ya miaka mingi, walioleta plastiki, nyaya na mipira, wakamlaza mezani kiumbe aliyehitaji kitu kimoja tu: kuachwa aende kwao.

Mtu huyo ndiye sisi. Ndiye kila mtu mzima anayeirudia filamu ya utotoni akiwa na funguo kiunoni. Hakuja kuua, amekuja kuhifadhi. Amengoja mno hata hawezi tena kukiacha kitu kiwe kama kilivyo. Anataka kukipima, kukisafisha, kukifunika kisiingie vumbi, na kwa kufanya hivyo anakikatia pumzi.

Aliyeithibitisha hoja hii kuliko mtu mwingine yeyote ni Spielberg mwenyewe. Mwaka 2002, filamu ilipotimiza miaka ishirini, aliitoa upya ikiwa imerekebishwa kwa kompyuta. Uso wa kiumbe ulilainishwa. Neno moja la mama, la kumkataza Michael asijivike kama gaidi usiku wa Halloween, lilibadilishwa. Na bunduki mikononi mwa maofisa wanaowazuia watoto wenye baiskeli zilifutwa, mahali pake zikatiwa redio za mawasiliano. Nia ilikuwa njema, kama ya mwenzangu: baba mwenye watoto wengi hakutaka tena kuona silaha mbele ya watoto. Lakini tuitazame ile picha. Watoto wanakanyaga pedali kwa nguvu zote, kizuizi kiko mbele, Elliott anaona silaha, na hapo ndipo baiskeli zinapopaa. Mtu aliyeshika redio ya mawasiliano atamwogopesha nani hata baiskeli ipae? Bunduki ilipofutwa, muujiza uligeuka kuwa sarakasi.

Kwa heshima yake, Spielberg aliliona kosa. Filamu ilipotolewa tena mwaka 2012 ilirudishwa kama ilivyokuwa, na mwaka 2023 alisema waziwazi mbele ya watu kwamba hakupaswa kuigusa, kwa kuwa filamu ni alama ya mahali tulipokuwa wakati ilipotengenezwa. Si watu wengi wenye jina kama lake wanaokubali kosa la namna hiyo. Wapenzi wa filamu walikuwa wamelalamika mapema, na hapa lazima niwe mwadilifu: walalamikaji hao walisukumwa na hamu ya utotoni pia. Naikubali hoja hiyo. Hamu inaweza kuwa mlinzi, ilimradi ilinde kitu chenyewe na si starehe ya anayekikumbuka.

Yako mengine ambayo hayakuwa hata na nia njema. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa video wa E.T. uliotungwa kwa muda wa wiki tano hivi ili uwahi Krismasi. Mchezo ulishindwa vibaya, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa za kampuni hiyo, pamoja na nakala za mchezo huo, ilifukiwa jaani huko Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 ikafukuliwa mbele ya kamera, na watu wakanunua takataka zile kwa fedha kwa sababu zilikuwa takataka za utoto wao. Na mwaka 2019 Marekani ilionyeshwa tangazo la biashara la dakika nne hivi, ambamo Elliott, akichezwa na Henry Thomas yule yule, sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto, na rafiki yake anarudi kutoka angani. Wengi walitokwa na machozi. Lilikuwa tangazo la huduma za intaneti na televisheni za kampuni inayoimiliki studio ya filamu hiyo. Yaani maagano yale, ambayo mtoto anaombwa afuatane na mgeni wake na badala yake anachagua kubaki, yalitanguliwa ili kuuza intaneti. Spielberg na Mathison walikuwa wameandika muhtasari wa filamu ya pili mwaka ule ule wa 1982, kisha Spielberg akaacha. Alijua wakati ule kwamba aliyeaga ameaga.

Watasema: Mwalimu, watoto ni dhaifu, hofu huwaumiza. Hoja hii si mpya. Nchini Uswidi filamu hii ilipofika, watoto wa chini ya miaka kumi na moja walizuiwa kuiona, wakaguzi wakihofia jinsi watu wazima walivyochorwa kama maadui wa watoto. Yaani walizuiwa watoto wa rika la Elliott! Mimi sisemi kwamba mtoto wa miaka minne aachwe peke yake mbele ya picha yoyote. Kuchagua umri unaofaa ni kazi ya mzazi na mwalimu, na ni kazi ya heshima. Kukaa naye mtoto, kumshika mkono pale ua linaponyauka, nayo ni kazi yetu. Lakini kuchagua wakati wa kumpa mtoto kazi ya sanaa ni jambo moja, na kumpa kazi iliyohasiwa huku ukimwambia ndiyo yenyewe ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni malezi. La pili ni udanganyifu.

Na asije mtu akadhani kwamba haya ni mambo ya Wamarekani na sinema zao. Ugonjwa huu tunao nyumbani. Iko hadithi ijulikanayo sana, mwambao na bara, ya msichana aliyerudi peke yake kuchukua kombe lake, akakamatwa na zimwi na kutiwa ndani ya ngoma, akawa anaimbishwa kijiji hadi kijiji. Bibi yangu aliisimulia kwa sauti iliyotufanya tusogeleane gizani. Siku hizi nimeisikia ikisimuliwa darasani na zimwi limekuwa mzee mchekeshaji asiyemdhuru mtu, na msichana anaingia ngomani kana kwamba anapanda basi. Watoto walicheka kidogo, kisha wakaanza kuchokozana. Walikuwa na haki. Wasimulizi wetu wa kale hawakumweka zimwi kwa kukosa huruma. Walijua kwamba mtoto amekwisha kulijua zimwi kabla hajaisikia hadithi; anachokitafuta katika hadithi ni ndugu wa kuipasua ngoma.

Tulibishana na mwenzangu kwa wiki nzima. Sikumshinda kwa hoja, alichoka tu. Filamu ikaonyeshwa bwaloni, nzima, bila kurukwa kitu, siku ya Ijumaa baada ya mitihani, ukutani, kwa spika moja iliyokuwa ikikwaruza. Nilikaa pembeni kuwatazama wanafunzi badala ya picha. Walicheka pale kiumbe anapolewa bia nyumbani na Elliott kulewa shuleni. Ua liliponyauka, bwalo lilinyamaza kabisa. Baiskeli zilipopaa walipiga kelele hadi mpishi akaja mlangoni, akabaki pale pale hadi mwisho.

Taa zilipowashwa nikauliza kama kuna mwenye swali. Nilitarajia maswali juu ya sayari, au juu ya namna walivyozipaisha baiskeli. Msichana mmoja wa mstari wa pili akasimama.

"Mwalimu, na yule baba yao aliyeko Mexico, alirudi?"

Mwenzangu alinigeukia. Kwa miaka yote ile aliyoipenda filamu hii hakuwahi kukumbuka kwamba mna baba ndani yake. Nilimjibu msichana kwamba filamu haisemi. Akashukuru, akakaa. Kisha mvulana wa nyuma akauliza swali lile lile kwa maneno mengine, na baada yake mwingine.